Shavu limevimba, bima sina, mfukoni nina Sh 45,000

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe wa Mbagala, nina miaka 34. Gego la chini kushoto limeniuma wiki ya tatu sasa. Nimenunua dawa dukani mara tatu, amoksilini, Flagyl na diklofenaki. Linatulia siku nne, tano, kisha linarudi. Tangu juzi shavu limevimba na usiku silali. Kliniki moja binafsi ya jirani wameniambia kutibu mzizi ni Sh 280,000, na kwamba hata kung'oa haiwezekani mpaka uvimbe uishe. Bima sina, na pesa niliyo nayo ni Sh 45,000. Niende wapi? Nikitibiwa nitakaa siku ngapi bila kupika? Halafu kuna jino jingine la kulia limeanza kuuma nikinywa chai yenye sukari.

JIBU: Marahaba, dada. Pole sana. Habari ya pesa tutaifikia, lakini kwanza naomba usimame mbele ya kioo.

Fungua kinywa. Vidole vyako viwili, kimoja juu ya kingine, vinapita katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini? Bonyeza chini ya kidevu: pako laini, au pamekuwa pagumu kama ubao? Meza mate, uone kama yanashuka. Angalia ulimi kama umekaa mahali pake au umenyanyuka kana kwamba kuna kitu kinausukuma kutoka chini. Sema jina lako kwa sauti. Sauti ni yako ya siku zote, au imekuwa kama ya mtu mwenye tonge kinywani?

Kama vidole haviingii, mate hayamezeki, chini ya kidevu pamekaza, au una homa ya kutetemeka na pumzi inakuwa nzito, usisubiri kuche. Mwamshe mtu wa nyumbani, chukueni bajaji mwende idara ya dharura, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke au Muhimbili, hata kama mkononi una nauli tu. Ukifika usiseme "jino linauma", maana utaambiwa ukae foleni. Sema "nimevimba kwa ajili ya jino, sasa siwezi kumeza". Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa masikioni mwa muuguzi wa mapokezi. Mgonjwa wa namna hiyo huanza kuhudumiwa, mambo ya malipo yakafuata.

Nimeliweka hili mbele kwa sababu nimeliona. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea kijana wa bodaboda aliyekuwa hawezi kulala chali. Alikaa ameinamia mbele, taulo begani, mate yanamtiririka kwa sababu hayapiti kooni. Shingo yote ilikuwa imekaza. Siku tisa alikuwa anakunywa dawa za dukani, na siku moja kabla alikuwa amefika mahali fulani akaambiwa arudi Jumatatu. Alilazwa wiki mbili, akapasuliwa chini ya taya pande zote mbili ili usaha utoke. Alipona, namshukuru Mungu. Jino lililoleta yote hayo lilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Ugonjwa huo huitwa angina ya Ludwig, kwa jina la daktari wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1836, na mpaka leo unaua watu kwa kuwaziba pumzi.

Kama kwenye kioo umeona mambo yote yako sawa, vidole vinaingia, mate yanashuka, uvimbe uko shavuni tu, basi una muda wa kulala na kwenda kesho asubuhi. Kesho, dada, siyo wiki ijayo.

Sasa nikueleze kwa nini dawa zimekuchezea wiki tatu. Dawa ya kuua vijidudu husafiri kwa damu. Jino lako, kwa jinsi unavyolieleza, limekufa ndani: mshipa na nyama laini iliyokuwa katikati yake vimeoza. Mahali hapo damu haiingii tena, kwa hiyo dawa nayo haiingii. Inafika kwenye taya, inapunguza wadudu waliokwisha toka nje ya mzizi, uvimbe unashuka, unapata nafuu. Lakini waliomo ndani ya jino wako salama, na dozi ikiisha wanatoka upya. Wewe mwenyewe umeiona hiyo, siku nne, tano, kisha unarudi ulipokuwa. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba kwa maumivu mengi ya jino dawa hizi hazihitajiki kabisa, kinachotakiwa ni kushughulikia jino lenyewe. Dawa zina mahali pake, hasa uvimbe unaposambaa au mgonjwa akiwa na homa, lakini hata hapo ni msaidizi wa kazi ya mkono. Haziwezi kuifanya kazi hiyo peke yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa pesa ni huu mmoja: hiyo Sh 45,000 usiitoe tena dukani. Ipeleke yote kwenye chanzo. Jumlisha ulichokwisha lipa kwa mara tatu, utaona ni pesa ambayo ingekufikisha kwenye kiti cha daktari wiki ya kwanza.

Kuhusu kuambiwa jino haling'olewi mpaka uvimbe uishe: neno hili limeenea sana, na baadhi ya wahudumu wanalirudia kwa nia njema. Kilicho kweli ndani yake ni kwamba ganzi hufanya kazi kwa shida ikichomwa moja kwa moja kwenye nyama iliyovimba, kwa sababu pale pana tindikali inayoidhoofisha. Lakini kwa gego la chini hatuchomi pale. Tunachoma nyuma, karibu na kona ya taya, mshipa wa fahamu unapoingilia mfupani, na upande mzima unakufa ganzi, mdomo unahisi umekuwa mnene. Jino likitoka, usaha nao unapata njia ya kutoka, na wagonjwa wengi husikia nafuu siku ileile. Kungoja uvimbe uishe wakati kinachouleta bado kimo ni kuzunguka palepale. Kama mdomo haufunguki vizuri au homa ni kali, daktari anaweza kuamua kuanza kwa dawa au kutoboa jipu kwanza na kukupangia kurudi baada ya siku moja au mbili. Huo ni uamuzi wa daktari aliyekushika taya akakuangalia. Usikubali kuambiwa hivyo na mtu ambaye hata kinywa hajakufungua.

Kwenda wapi, basi. Zahanati za mtaani nyingi hazina huduma ya meno, usipoteze nauli. Anza na hospitali ya serikali iliyo karibu. Wewe uko Mbagala, una Hospitali ya Mbagala Rangi Tatu, na ikishindikana una Temeke. Wasomaji wa Ilala wana Amana, wa Kinondoni wana Mwananyamala. Nje ya Dar es Salaam, hospitali ya wilaya ndiyo mlango, na baadhi ya vituo vya afya vina tabibu meno anayeng'oa na kuziba vizuri kabisa. Tafuta kibao kilichoandikwa Kinywa na Meno. Fika saa moja asubuhi, siku ya kazi, kwa sababu kitengo hiki kwa kawaida hufanya kazi mchana, na ukifika saa saba unaweza kukuta wamefunga orodha. Kunywa uji kabla ya kwenda. Watu wengi huja na njaa wakidhani ndiyo masharti, halafu wanazimia kwenye kiti kwa njaa na woga, wakadhani ni sindano.

Malipo huja vipande vipande, na hapo ndipo watu hukwama. Kuna ya kadi na kumwona daktari, kuna ya picha kama itahitajika, kuna ya kung'oa, kuna ya dawa za kwenda nazo nyumbani. Ukishamwona daktari, kabla hujaenda dirishani, mwambie waziwazi: "Daktari, nina elfu arobaini na tano tu, tupange kwa hiyo." Usione haya. Anayejua mfuko wako atakuambia kama picha ni ya lazima, maana si kila jino linahitaji, na atakuandikia dawa za bei nafuu badala ya zile za pakiti ya kupendeza. Kung'oa jino la kawaida katika hospitali za wilaya ni jambo la makumi ya elfu, halifiki laki. Kwa ulicho nacho una kila sababu ya kwenda kwa matumaini.

Kikipungua, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Kazi yao mojawapo ni kumpa msamaha wa malipo mgonjwa asiye na uwezo, wote au sehemu. Nenda kwao kabla ya huduma, maana ukishalipa nusu na kukopa nusu kwa jirani, hawana cha kukusamehe. Barua ya serikali ya mtaa inarahisisha mambo, hivyo kama mwenyekiti wako anaamka mapema, pitia kwake alfajiri. Na kwa faida ya wengine wanaosoma: Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo kuwa ni watu wa kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Mzee wako akiwa na jino, msimwache aumie kwa kudhani meno hayahusiki. Ulizeni.

Mlango mwingine ni kliniki ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pale Upanga, wanakosomea madaktari wa meno. Wanafunzi wa miaka ya mwisho hutibu wagonjwa chini ya macho ya walimu wao. Inachukua muda zaidi, kwa sababu kila hatua mwalimu huja kuangalia, lakini kuangaliwa na watu wawili kwa bei ambayo mara nyingi iko chini ya kliniki binafsi si jambo la kudharau. Kwa uvimbe wako wa sasa nisingeanzia huko. Kwa meno yatakayobaki ya kuziba, ndiyo.

Tuje kwenye ile Sh 280,000. Sitasema wamekudanganya. Kutibu mzizi wa gego, yaani kusafisha ndani ya jino na kuliziba badala ya kuling'oa, ni kazi ngumu, gego la chini kwa kawaida lina njia tatu au nne za kusafisha, na jino likiokolewa linakutafunia miaka mingi. Ningekuwa na dada yangu mwenye pesa hiyo, ningemwambia aliokoe. Lakini ungewauliza: bei hiyo ni pamoja na picha, ganzi na kofia ya juu? Gego lililotibiwa mzizi huvunjika kwa urahisi lisipovikwa kofia, na kofia mara nyingi hutozwa peke yake. Watu hulipa ya kwanza, hukosa ya pili, na baada ya mwaka jino linapasuka katikati, wakaishia kung'oa. Kama moyo wako unalitaka sana hilo jino, uliza jambo la katikati: wanaweza kulifungua, kutoa uchafu na kuweka dawa na kizibo cha muda ili maumivu yaishe, halafu umalizie kwa awamu? Kliniki nyingi hukubali malipo ya awamu ukiyaomba mapema. Ila ukianza, umalize. Jino lililofunguliwa likaachwa ndilo ninaloliona likirudi na jipu kubwa kuliko la kwanza. Kwa mfuko ulioutaja, na kwa jino lililouma wiki tatu mpaka likavimbisha shavu, mimi nasema ling'olewe. Na ile habari kwamba kung'oa kunaharibu macho au akili, iache. Kung'oa jino hakudhuru jicho wala ubongo.

Usiku huu, ili ulale. Acha diklofenaki kwanza, kwa sababu hii nitakayokutajia ni ndugu yake na hazichanganywi. Kula kitu, kisha kunywa ibuprofeni ya miligramu 400 pamoja na parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500. Zikinywewa pamoja zinatuliza jino vizuri kuliko dawa nyingi kali zaidi. Unaweza kurudia baada ya saa 8. Parasetamoli isizidi vidonge 8 kwa siku nzima, na angalia kama hakuna nyingine imejificha kwenye dawa ya mafua. Kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa za namna hiyo, au una mimba, iache ibuprofeni, tumia parasetamoli peke yake. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili, maana ukilala chali damu hujaa kichwani na jino linapiga kama ngoma. Shavuni weka kitambaa cha baridi. Usikande kwa maji ya moto.

Mafuta ya karafuu? Ndiyo, bibi zetu hawakukosea. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa yujenoli, na sisi wenyewe tunakitumia tukikichanganya na unga wa zinki kutengeneza kizibo cha muda. Tone moja kwenye pamba, weka ndani ya tundu la jino, usilimeze na usiipake fizi nzima kwa sababu inaunguza. Jino lililokwisha kufa halitanufaika sana, lakini hili la kulia linaweza. Kidonge cha aspirini kilichowekwa kwenye fizi kinaacha kidonda cheupe cha kuungua. Maji ya betri, ambayo nasikitika bado naona watu wakiyatumia, yanaunguza ulimi na taya. Na usijitoboe uvimbe kwa sindano, hata kama umeona kichwa cheupe.

Kuna watu watakuambia wanajua fundi wa kung'oa kwa bei ya chini, nyuma ya soko au nyumbani kwake. Usiende. Koleo lisilotakaswa ipasavyo linaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka kwa aliyekutangulia. Popote utakapokaa kwenye kiti, una haki ya kuona sindano ikitolewa kwenye pakiti yake na vifaa vikifunguliwa mbele yako, na una haki ya kuuliza leseni. Kabla ya ganzi mwambie daktari kama una presha, kisukari, mimba, kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au za kufubaza virusi, na kama penisilini iliwahi kukuwasha mwili. Nenda na pakiti za zile dawa ulizokunywa ili azione.

Wakati wa kung'oa utasikia kusukumwa, nguvu nyingi kwenye taya, na mlio ambao utadhani mfupa unavunjika. Huo ni mlio wa jino likilegea. Nguvu utaihisi, maumivu makali hutakiwi kuyahisi. Ukiyahisi, inua mkono wa kushoto. Daktari mzuri ataacha, ataongeza ganzi, atasubiri.

Ukitoka, uma ile pamba nusu saa nzima bila kuitoa kila dakika kuangalia damu. Siku hiyo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Lile donge la damu kwenye shimo ndilo kifuniko, likitoka mfupa unabaki wazi. Kama damu inaendelea kuchuruzika, kaa wima, kunja kitambaa safi, uma tena nusu saa. Majani ya chai yaliyo kwenye kifuko, yakiloweshwa na kupoa, yanasaidia. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya chumvi baada ya kula. Maumivu yanatakiwa kupungua kila siku. Kama siku ya tatu au ya nne yanapanda badala ya kushuka, na kinywa kina harufu mbaya, kifuniko kimetoka: rudi wasafishe shimo na kuweka dawa. Ni jambo la dakika chache.

Na hilo la kulia linalouma ukinywa chai ya sukari, mwonyeshe daktari siku hiyohiyo, kwa sababu hilo bado ni la kuziba. Kuna njia ya kuziba bila mashine ile ya kelele: daktari anakwangua uozo kwa vifaa vya mkono, kisha anajaza saruji maalumu inayoshika kwenye jino na kutoa floridi taratibu. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Njia hii ilianzia hapahapa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya meno, kwa ajili ya watu wa vijijini wasio na umeme wala pesa, na leo inatumika nchi nyingi duniani. Mwulize: "Hili linaweza kuzibwa kwa mkono?" Kama pesa ya siku hiyo imekwisha, omba akuandikie tarehe, na usipitishe mwezi. Kila wiki ya Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, madaktari wa meno huweka mahema ya kupima bure sehemu mbalimbali nchini. Hata hivyo jino lako lisisubiri Machi.

Kupika: siku ya kung'oa usisogelee jiko kabisa. Joto la mkaa usoni na kuinamia sufuria vinaamsha damu. Siku ya pili unaweza kukaa kibandani kukusanya pesa na kusimamia, huku mwingine akiinua masufuria. Ukiamka siku ya tatu uvimbe umeshuka na damu haipo, washa jiko, ila chakula unachoonja kiwe kimepoa na ukionjee upande wa kulia. Muhogo wa kuchoma na mifupa uache wiki nzima.